Nani Atamkamua Gaju

Mume wangu Ngoga alirudi kutoka kwa wafu, akakaa kwenye mkeka wangu, akaomba kijiko.

Kijiko! Ngoga wa Mulenge, mtu niliyemjua akimega bugali ya moto bila hata kupuliza, leo ananitazama kwa macho yake yaleyale na kuniuliza, "Mama Aurore, hakuna kijiko?" Nikatafuta. Nyumba nzima ilikuwa na kimoja, kile cha kuchotea chumvi. Nikakiosha, nikampa, nikakaa pembeni kumwangalia akila kama muzungu, mikono ya koti imemfunika mpaka kwenye kijiko. Moyoni nikasema, haya basi, Mbarara imeniharibia mtu.

Mimi ni Kanyange. Nakaa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, upande wa Rubondo, na nimekaa hapa tangu Aurore wangu ni mtoto wa mgongoni. Leo Aurore ni mke wa mtu huko Kakoba, Mbarara mjini, anashona nguo, ana maringo yake. Mstari wetu huu wa nyumba ni mstari wa wanawake. Kwangu mwanamke, kwa Ancilla Mrundi mwanamke, nyumba inayofuata mwanamke, na ile ya mwisho ni kikongwe na wajukuu zake. Wageni wa ofisi wakija na makaratasi yao wanauliza, "Mkuu wa nyumba yuko wapi?" Nawajibu, "Si huyu unayemwangalia?" Wanacheka, mimi sicheki.

Usidhani tulizaliwa hivi. Tuligawanywa. Vita vilipopanda kule kwetu milimani Mulenge, wanaume walikaa kikao, wakatoka na neno moja: wanawake na watoto wateremke bondeni, wavuke Ruzizi, waingie Burundi, wanaume wabaki na ng'ombe, waingie nao msituni. Wenye bunduki walikuwa wanataka ng'ombe, unanielewa? Palipo na ng'ombe ndipo palipokuwa na kifo. Basi sisi tukapewa watoto, wao wakapewa ng'ombe, na hakuna aliyetuuliza tunaonaje. Mimi nilisema bila kuulizwa. Nilimwambia Ngoga, "Waache ng'ombe, twende." Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Mwanaume anaacha ng'ombe, anakwenda wapi?" Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia kwake. Akamsukuma Bihogo, ng'ombe wetu mkubwa mwekundu, wakaingia kwenye ukungu wote wawili, na mimi nikafunga kitambaa cha mtoto nikateremka.

Ayii, ukungu wa kwetu! Hapa Nakivale kuna jua na vumbi, na ziwa lile linang'aa mpaka macho yanauma. Kwetu asubuhi unasikia sauti kabla hujaona mtu. Wanaume wako zizini wanakamua, na kila mmoja anamsifu ng'ombe wake: wewe binti wa fulani, wewe mwenye pembe nyeupe, wewe uliyetuvusha kiangazi. Ng'ombe wa kwetu asiposifiwa hashushi maziwa. Na sisi wanawake tuko ndani tunafukiza vyombo kwa moshi wa majani, mpaka kila kitu kinanukia vile vile, nywele, watoto, mablanketi. Tukisikia kikohozi mlangoni tunajua maziwa yamefika. Nikisema habari hizi Aurore anapiga miayo, lakini mimi nikizikumbuka nasikia baridi ya kule kwenye vidole vya miguu.

Kazi ilikuwa imegawanywa na hakuna aliyelalamika, hata mimi mwenye mdomo. Mwanaume anakamua na kusifu. Mwanamke anapokea maziwa, anayatunza, anayasuka, anatoa siagi. Mwanamke hakamui. Hagusi chuchu ya ng'ombe. Ukikamua na mume wako yu hai, unamwita kaburini. Ndivyo wazee wa kike walivyotufundisha. Anayeruhusiwa ni mjane asiye na mtoto wa kiume, na hata huyo watu wakimkuta anakamua wanageuza uso, kwa heshima.

Nilivuka Ruzizi na Aurore mgongoni na icyansi mkononi, kile chombo cha mti cha kukamulia. Wenzangu walibeba sufuria na godoro. Mimi nikabeba chombo cha kukamulia na sina ng'ombe. Walinicheka Burundi, walinicheka juu ya lori, na polisi wa mpaka wa Uganda alikichungulia ndani akauliza, "Mama, hii nini? Pombe iko wapi?" Nikamwambia pombe ameshakunywa yeye.

Hapa nikatafuta kazi ninayoijua. Huko Masha kulikuwa na Mnyankole mmoja, Mzee Ezira, mwenye ng'ombe wa pembe ndefu. Mke wake alikuwa amefariki na vyombo vya maziwa vimeanza kunuka, hakuna wa kuvifukiza. Nikasema nitafanya. Siku ya kwanza alinipa majani ya emburara, yale marefu ambayo wanasema ndiyo yaliyoupa mji wa Mbarara jina. Nikayawasha, moshi ukapanda, na mimi nikaanza kulia mbele ya mzee wa watu, maana ulikuwa moshi wa nyumbani kabisa. "Nyabo, moshi naumiza wewe macho?" akauliza. Nikasema ndiyo, ni moshi. Nilimsukia maziwa miaka mingi, nikamtengenezea bongo, yale maziwa ya mgando, la kuuza, na siku moja akaniambia, "Wewe nafanya kazi muzuri. Chukua hii katoto ikuwe yako." Alikuwa ndama jike, rangi ya udongo mwepesi. Nikamwita Gaju, juu ya rangi yake, nikamwongoza mpaka Rubondo huku nikimwambia habari za kwetu njia nzima.

Gaju alipozaa, nikawa na maziwa na sina mkamuaji. Natanaeli, shemasi wa kanisa letu, akawa anapita asubuhi na jioni kunisaidia. Watu wakaniambia, "Mama Aurore, kamua mwenyewe, mumeo alishakufa." Nikawauliza, nani aliona maiti? Mimi nilikuwa nimeshika jambo moja: maadamu sijakamua, Ngoga yu hai. Ancilla, ambaye kwao ni watu wa jembe na maharage na miiko ya zizi haijui, alikuwa ananitania kila siku. "We mwanamke, ng'ombe wako, mikono yako, maziwa yako, halafu unangoja suruali ipite!"

Kisha akaja mtu kutoka kule juu, akatuambia kanisani habari za wale wanaume walioingia msituni. Alisema waliuawa wote na ng'ombe wakachukuliwa. Wenzangu walijitupa chini. Mimi nilitoka nje, nikaenda mpaka nyumbani, nikachukua icyansi, nikachuchumaa chini ya Gaju, nikakamua. Sikuwa nimewahi, lakini nilikuwa nimetazama miaka mingi, na mikono ikajua. Nilikamua mpaka tone la mwisho, ndipo nikalia. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazishi ya Ngoga, sikufanya mengine. Tangu siku hiyo mstari mzima ukajua mimi ni mjane anayekamua, na watu wakageuza uso kwa heshima, isipokuwa Ancilla, ambaye alipiga vigelegele.

Sasa sikia. Mwaka huu Aurore alialikwa kwenye harusi ya watu wetu, hukohuko Kakoba. Wakati wa kukabidhi ng'ombe wa mahari, lazima asimame mtu anayejua maneno, amsifu ng'ombe mbele ya wakwe. Akasimama mzee mmoja, mlinzi wa kanisa fulani pale mtaani, koti refu, mikono mifukoni. Akasifu mpaka watu wakaacha kula. Na katikati ya sifa zake akasema, "binti wa Bihogo, yule aliyeniamsha kabla ya bibi yangu."

Aurore akaacha sahani. Maneno hayo ameyasikia tangu utoto, juu mimi nilikuwa nikiyalalamikia kila siku. Nilikuwa nikimwambia, baba yako alikuwa na sifa moja ya aibu kabisa, anasimama zizini anawatangazia majirani kwamba ng'ombe anamwamsha kabla yangu, eti mimi mlalaji! Mtoto akamfuata mzee nje, akamuuliza, "Bibi yako aliitwa nani?" Mzee akasema, "Kanyange."

Aliponipigia simu alikuwa analia, na muziki nyuma yake unapiga kelele. "Mama, Baba yuko hapa."

"Baba wa nani?" nikasema.

Nilifurahi, sisemi uongo. Nilikaa chini palepale kwenye majivu ya jiko. Lakini kabla sijafagia, kabla sijaoga, niliinuka nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba kitu kimoja: mtu asimwambie Ngoga kwamba mimi nakamua. Akijua ninakamua, atajua nilimzika. Na mwanaume wa kwetu hakai kwenye nyumba iliyokwisha kumzika. Ataona fasi yake imefungwa, atachukua koti lake aondoke. Mimi nilimtaka akae. Nimekula peke yangu miaka ishirini na kitu, nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Natanaeli akakubali kurudi kukamua kama zamani. Ancilla aliapa kwa Bikira Maria kwamba atanyamaza, na alipokuwa anaapa alikuwa anacheka.

Ngoga alishuka kwenye gari la Kabingo, amekonda, ndevu nyeupe. Akaninyooshea kifundo cha mkono kama mtu aliyetoka shambani na udongo vidoleni, nami nikakishika kile kifundo kwa mikono miwili. Ancilla ndiye aliyetulilia kwa sauti, wote wawili kwa mpigo.

Jioni, baada ya ile habari ya kijiko, nilifanya jambo nililoliota miaka yote. Nilifukiza icyansi vizuri, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili. "Baba Aurore, ng'ombe wako anakungoja."

Akakitazama. "Ni kile?"

"Ni kile."

"Ulikibeba kutoka kwetu?"

"Mpaka hapa."

Akakigusa kwa mgongo wa mkono, machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Leo mimi ni mgeni. Mwache akamue yule aliyemzoea." Nikaona ni adabu. Natanaeli akakamua.

Kesho yake akasema mgongo unamuuma, safari. Siku iliyofuata akasema ng'ombe bado hajamjua harufu. Kila jioni nafukiza chombo, kila jioni ana neno. Anakaa kwenye kiti mbele ya nyumba, mikono ndani ya mikono ya koti, anamtazama Gaju kutoka mbali kwa macho ya mtu mwenye njaa, na akikaribia zizi anageuka. Mimi nikaanza kukasirika. Nilijiambia, kumbe ndivyo! Ng'ombe wa mwanamke ni mchafu kwake. Alizoea makundi, huyu mmoja wangu wa kupewa na Mnyankole hamtoshi hata kuinama.

Na Gaju naye akaanza vituko vyake. Alikuwa amezoea mikono yangu. Natanaeli ni mtu wa Mungu lakini ni mtu wa haraka, anakamua jicho lake liko barabarani, na Gaju akamzuilia maziwa. Kila siku chombo kinapungua na kiwele kinajaa. Nilipitisha kiganja pale chini wakati Ngoga amekwenda kanisani, nikasikia upande mmoja una moto na ugumu. Nilijua maana yake. Kiwele kikiharibika hakirudi, na ng'ombe asiye na maziwa kwenye kambi hii anaishia buchani. Nilitamani kuchuchumaa palepale. Nikaogopa atanikuta.

Siku hiyo nililipuka. Kati yetu tunasema lugha ya nyumbani, lakini nilimrushia kwa Kiswahili ili na mstari mzima usikie.

"Ngoga, ng'ombe wangu ana ukoma?"

"Sikusema hivyo."

"Basi sema ulichotaka kusema! Umekaa kwenye kiti hicho unaniangalia kama mgeni wa ofisi. Umekuwa Mbarara miaka, mlinzi, na Kakoba mpaka hapa ni safari ya asubuhi moja. Hukusikia kwamba Nakivale kuna watu wa kwetu?"

Akasema taratibu, "Nilisikia. Nilisikia hata kwamba Rubondo kuna Kanyange anayetengeneza siagi."

Ee Mungu wangu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, na hukuja?"

"Wewe ulipewa mtoto, ukamfikisha," akasema. "Mimi nilipewa ng'ombe, Kanyange. Ningekuja na nini?"

Nikaingia ndani na hasira zangu nikafunga mlango, na nyuma ya mlango nikamsikia anasema Jumamosi atarudi Kakoba, kanisa halina mlinzi. Ilikuwa Alhamisi. Nililala nimemgeuzia mgongo, na moyo unaniuma mpaka kwenye meno.

Ijumaa asubuhi Gaju ndiye aliyeniamsha. Alikuwa analia kilio kile cha ng'ombe aliyejaa. Natanaeli alikuwa amekwenda kuzika mtu Kabingo, hatarudi kabla ya jioni. Nikapapasa mkeka, Ngoga hayupo. Nikatoka.

Alikuwa zizini. Amevua koti, mara ya kwanza tangu aje, amechuchumaa chini ya Gaju na icyansi kati ya magoti yake. Alikuwa anajaribu kubana chuchu kati ya viganja viwili, kama mtu anayeshika kitu cha moto kwa mikono iliyofungwa vitambaa. Gaju akapiga teke. Chombo kikaviringika mpaka kwenye ua, na Ngoga akaanguka kwenye samadi akakaa hukohuko.

Nikaona mikono yake. Vidole vya kulia vilikuwa vimekunjika ndani vimekauka, haviendi mbele wala nyuma. Kushoto kilibaki kidole gumba na kimoja kando yake. Nikakumbuka kijiko, nikakumbuka kifundo cha mkono pale kwenye gari, nikajisikia mjinga wa kutupwa.

"Walinifunga kwa waya," akasema, hanitazami. "Kule msituni. Watu walipokuja kunifungua, wale wenye bunduki walikuwa wamekwisha kumchukua Bihogo, na mikono ilikuwa imekwisha kufa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulipiga magoti ukanipa chombo cha kukamulia. Umekibeba kutoka kwetu, umekivusha mto, umenitunzia. Ningekuambia huyu uliyemtunzia hayupo?" Akajifuta uso kwa kigasha. "Nenda kamwite mtu amkamue, ataharibika."

"Natanaeli amekwenda kuzika."

"Mwite mwanaume mwingine."

Nikatazama mstari wetu. Moshi wa Ancilla, moshi wa jirani, moshi wa kikongwe. Mwanaume gani? Gaju akalia tena, na nikaona mguu wake wa nyuma unatetemeka. Nikikamua, Ngoga atajua nilimzika, na kesho gari litapita. Nisipokamua, Gaju anakwisha. Nilisimama pale, na nakuambia kweli, nilimchukia kila mtu: wenye bunduki, wazee wa kikao, wazee wa kike na miiko yao, na Ngoga na fahari yake, na mimi na yangu. Kisha nikaokota chombo, nikakipangusa kwa kitenge, nikachuchumaa.

"Kanyange, unafanya nini?"

"Geuza uso," nikamwambia.

Hakugeuza. Nikabana, maziwa ya kwanza yakatoka mazito, yenye mabonge, nikayamwaga chini. Nikaendelea. Mikono yangu ikashika mwendo wake, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na ile sauti ya maziwa kwenye mti ikaanza. Ngoga alizaliwa ndani ya sauti hiyo. Huwezi kumdanganya.

"Mikono hii haikuanza leo," akasema.

"Haikuanza leo."

"Lini?"

"Siku tulipoambiwa mmekufa wote. Sikuwa na maiti, Ngoga. Nilikuwa na ng'ombe."

"Basi ulinizika," akasema.

"Nilikuzika. Nilikuzika vizuri, mpaka tone la mwisho. Ulitaka nifanye nini, na ulikuwa Kakoba unasikia habari za siagi yangu?"

Nikamsikia anainuka. Nikajua anakwenda kuchukua koti. Machozi yalinitoka mchana kweupe, nikayaacha yateremke, maana mikono ilikuwa na kazi. Na Gaju alikuwa bado anazuia. Alisikia hasira yangu kwenye vidole, ule upande wenye moto haukutoa tena kitu, na mimi sina maneno ya kumbembeleza. Kwetu mwanamke hakufundishwa maneno yale.

Ndipo sauti ikaja, nyuma ya bega langu. Ilikuwa imekwaruza, ya mzee, lakini ndiyo ileile ya kwenye ukungu.

"Gaju," akasema, "Gaju uliyezaliwa mbali na milima. Gaju uliyekula majani ya Masha ukanukia moshi wa kwetu. Gaju uliyepewa kwa kazi, hukuibwa, hukupiganiwa." Akavuta pumzi. Nikadhani amemaliza. "Gaju ng'ombe wa Kanyange. Kanyange aliyevuka Ruzizi na chombo kitupu, akafika. Gaju, unayeamshwa na bibi yangu."

Katika maisha yangu sijawahi kusikia jina la mwanamke limetajwa ndani ya sifa za ng'ombe. Kamwe. Ng'ombe hutajwa, mama zao hutajwa, mafahali, mito, wanaume waliowafia. Na Gaju akashusha. Akalegeza mgongo, akapumua kwa nguvu, na maziwa yakaja pande zote, hata ule mgonjwa, mpaka povu likapanda ukingoni mwa chombo na magoti yangu yakalowa.

Nilipoinua kichwa, mstari mzima ulikuwa kwenye ua. Hakuna aliyegeuza uso. Ancilla alikuwa ameshika kiuno.

"Mama Aurore!" akapaza sauti. "Si ulisema kwenu mwanamke akikamua mume anakufa? Mbona wako amefufuka? Ungeanza mapema, mjinga we, angerudi mapema!"

Ngoga akacheka. Alicheka mpaka akashika ubao wa zizi kwa kigasha, na mimi nikacheka na kulia na kamasi, aibu tupu. Nikampa chombo anywe wa kwanza. Akakipokea kwa vifundo viwili, mimi nikakishika chini, akanywa, povu likabaki kwenye ndevu.

Jumamosi gari la Kabingo lilipita likapiga honi mbele ya nyumba. Ngoga alikuwa zizini, amejizungushia kamba ya ndama kwenye kigasha, anamzuia asinyonye kabla sijamaliza. Kwetu hiyo ni kazi ya watoto. "Nenda!" akamwambia dereva. "Mimi niko kazini."

Ile ya kujua nilipo na asije sijamsamehe yote. Namkumbusha karibu kila siku, na yeye ananyamaza, anajua ni haki yangu. Lakini asubuhi mimi nakamua na yeye anasifu, na kukiwa na baridi kidogo kutoka ziwani nafumba macho nasikia niko kule juu, na mtu akinikatisha namtukana. Chakula kikiiva tunakaa kwenye mkeka mmoja. Namega bugali, nachovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, nampa mdomoni, tena namega langu. Kijiko nimekirudisha kwenye chumvi.